Gari jipya la spoti limekuja na kasoro za rangi kutoka kiwandani: fanya hivi kabla hujasaini na kabla hujamruhusu mtu kulisugua

Wakuu, hii naiandika kwa wale wanaovuta gari jipya la spoti, iwe GR86, MX-5, Mustang, Porsche au lolote lile, wanalileta Dodoma halafu kesho yake juani wanaanza kuona vitu ambavyo kule shorumu havikuonekana. Punje ya vumbi imenasa chini ya klia (lile tabaka la juu lisilo na rangi linalong'aa), mlango umechuruzika rangi kwa chini, bampa haifanani na fenda, boneti ina kaukungu ukiinama pembeni. Hasira inapanda, na ni haki kabisa, pesa uliyotoa sio ya mchezo. Tatizo ni kwamba wengi wakishaona tu wanakimbilia kwa fundi wa kusugua, au wanakubali dila, yaani muuzaji, achukue gari "akalirudie kidogo", na hapo ndo kakasoro ka ukubwa wa punje ya mchele kanageuka kuwa mlango mzima wenye rangi tofauti. Msimamo wangu ni huu: rangi ya kiwandani ukishaitoa hairudi, kwahiyo usifanye chochote kabla hujaweka ushahidi, na ukianza kurekebisha anza na njia inayokula rangi kidogo kuliko zote.

Kwanini nasema hairudi? Kiwandani bodi inapigwa rangi ikiwa tupu, haina viti, haina waya, haina plastiki, inaingia kwenye oveni ya joto la nyuzi 140 hivi. Gari lililokamilika huwezi kuliingiza kwenye joto hilo, utayeyusha kila kitu, ndo maana gereji nzuri kabisa yenye chumba cha rangi inachoma kwenye nyuzi 60 hivi tu, kwa klia ya aina nyingine ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuifanya igande. Inaweza ikawa kazi safi sana lakini sio rangi ileile tena. Na tabaka zenyewe ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kuna tabaka la kuzuia kutu ambalo bodi inachovywa, kuna praima, kuna rangi yenyewe, halafu klia juu. Zote kwa pamoja magari mengi zinakuja kati ya mikroni 90 na 150 (mikroni elfu moja ndo milimita moja), na klia peke yake ni kama 35 mpaka 50. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Yaani kile kitu unachotaka fundi akisugue na msasa ni chembamba kuliko unywele, na kwenye hiyo klia ndo kuna kinga ya jua. Sisi hapa tuko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua kali karibu mwaka mzima, mawingu ya maana ni Desemba mpaka Aprili. Klia ukiipunguza kizembe hapa Dodoma itapauka na kubanduka miaka michache mbele, wakati huo aliyeisugua hapatikani na simu yake haiiti.

Hatua ya kwanza inaanza kabla gari halijafika mkononi mwako, na kwangu mimi hii ina uzito kuliko zote zinazofuata. Muandikie dila kwa meseji au imeili, sio kwa mdomo: gari langu msilioshe, msilipige polishi, msitoe plastiki nyeupe za kulinda boneti na paa mpaka nifike. Watashangaa, watakwambia lakini bosi tunataka tukukabidhi likiwa linang'aa. Waambie asanteni, mimi nalitaka chafu. Sababu ni kwamba kijana wa yadi anayeosha magari kumi kwa siku kwa ndoo moja na kitambaa kimoja anakuachia mikwaruzo ya mizunguko mwili mzima, na wakiona kasoro wanaipitishia polishi yenye mafuta inayofunika, unakuja kuigundua umeshaosha mara tatu na umeshasaini kila kitu. Gari chafu la kutoka meli linasema ukweli. Ila hizo plastiki nyeupe nazo zisikae miezi juani yadini, unyevu ukinasa chini yake zinaacha alama za kingo, kwahiyo uliza zimekaa muda gani.

Hatua ya pili, kukagua. Nenda asubuhi au jioni jua likiwa limelala, beba tochi kali ya LED, maji safi, shampuu isiyo kali na taulo zako za maikrofaiba. Omba waliweke kwenye kivuli, walimwagie maji tu kwa presha vumbi lishuke, wewe mwenyewe ulioshe taratibu au usimame juu ya anayeosha. Kagua mara mbili. Mara ya kwanza kivulini na tochi, ukiipitisha kwa mlalo karibu na bodi, hapo utaona punje, vishimo, michirizi na alama za msasa. Mara ya pili nje kwenye jua, hapo utaona ukungu wa polishi na tofauti za rangi. Usisimame sehemu moja, chuchumaa, angalia mlango kwa kuufuata urefu wake kutoka nyuma kwenda mbele, taa ya shorumu iliyoakisiwa kwenye rangi ndo kioo chako: mstari wa taa ukikatika au ukipinda ghafla, hapo kuna kitu.

Sehemu ambazo watu hawaangalii na ndo kasoro zinajificha: kingo za chini za milango, ndani ya fremu ya mlango ukiufungua, chini ya mfuniko wa buti, kuzunguka kitundu cha mafuta, kwenye skati za chini ya milango, na pale boneti inapopinda kuelekea ndani. Humo kiwandani roboti hafiki vizuri, unaweza kukuta klia ni kavu kama msasa kwa kidole, au haipo kabisa. Watu wanasema aah ndani huko nani anaona. Aisee, kutu inaona. Pale chuma kilipokunjwa kwenye ukingo wa mlango, kama silanti, ile gundi ya kuziba maungio, imepasuka na rangi ni nyembamba, hilo ni dai la nguvu kuliko hata punje iliyo katikati ya boneti.

Kama unaweza pata geji ya kupima unene wa rangi. Zipo za bei ya kawaida na zipo za hela nyingi, ya kawaida inatosha ila hakikisha inasoma chuma na alumini zote mbili, maana magari ya spoti yanachanganya. GR86 boneti, paa na fenda za mbele ni alumini, MX-5 ya sasa boneti, buti na fenda za mbele ni alumini, geji ya chuma peke yake hapo haisomi kitu. Bampa za plastiki haisomi, na gari kama Corvette ambalo bodi yake sio chuma usihangaike nalo kwa geji hizi. Izeroishe kwanza kwa vile vibati vinavyokuja nayo, halafu pima sehemu tano kila paneli na uandike. Unalinganisha kushoto na kulia. Gari lote likiwa 110, 115, 120 halafu mlango mmoja ukasoma 240, huo mlango umepigwa tena. Sio lazima iwe wizi, viwanda vyenyewe vinarekebisha magari mwisho wa mstari wa kuunganishia na bandarini pia wanatengeneza yaliyokwaruzwa, lakini una haki ya kuambiwa kabla hujalipia kitu kipya. Ikisoma mia tano, elfu moja, hapo chini kuna puti ya kujazia mabonde, usisaini. Na ikisoma chini ya 80 hapo pia weka alama, hiyo sehemu isiguswe na kompaundi (polishi yenye makali inayokula klia) hata kwa bahati mbaya. Kumbuka geji inakupa jumla ya tabaka zote, haikwambii klia imebaki ngapi, kwahiyo namba kubwa sio ruhusa ya kusugua.

Hatua ya tatu, tenganisha kasoro za kiwandani na za safari. Gari lililoendeshwa au kupandishwa kwenye lori kutoka Dar, kilomita kama 450 mpaka hapa, linaweza kuwa limepigwa kokoto kuanzia Morogoro mpaka Kibaigwa na kiwanda hakihusiki. Kokoto inaacha kashimo chenye kingo kali na ndani unaona praima ya kijivu au chuma. Punje ya kiwandani ni kakilima, juu ni laini kabisa ukipitisha ukucha, kwa sababu klia imepita juu yake. Mkwaruzo unaonasa ukucha mara nyingi ni wa baada ya kiwanda. Vitundu vidogo vidogo kama vya sindano vingi pamoja, hiyo ni thina iliyochemka ikatoka wakati wa kuchoma, ya kiwandani hiyo. Vishimo vya duara vyenye ukingo ulioinuka ni mafuta au silikoni iliyokuwa juu ya bodi kabla ya kupiga, nayo ya kiwandani. Kaukungu ka ukubwa wa kiganja, peke yake, katikati ya paneli iliyo safi, mara nyingi ni pale mtu wa kiwandani alipoondoa punje na msasa akapolishi haraka haraka, na hii ndo kasoro rahisi kuliko zote kuondoa.

Kuna moja inawatisha sana wenye magari meupe: vidoti vya rangi ya kahawia au chungwa vinavyotokea baada ya mvua ya kwanza. Mtu anapiga simu analia gari jipya lina kutu. Mara nyingi sio kutu ya bodi, ni chembe za chuma zilizotua juu ya klia melini, bandarini, kwenye treni, au za breki, ndo zenyewe zinazoota kutu. Nunua dawa ya kuondoa chembe za chuma, pulizia kivulini paneli ikiwa baridi, subiri dakika mbili tatu. Utaona vidoti vinaanza kutoa zambarau, zambarau inatiririka chini ya mlango mweupe mpaka unaogopa, halafu unasuuza na vidoti vimeondoka. Isikaukie juu ya rangi. Zikibaki chache pitisha klei ya kusafishia rangi pamoja na maji ya shampuu, bila nguvu. Jaribu hii kabla ya kumgombeza mtu.

Hatua ya nne, ushahidi na karatasi. Weka vipande vidogo vya tepu ya karatasi pembeni ya kila kasoro, sio juu yake, piga picha moja ya mbali inayoonyesha ni paneli gani na moja ya karibu yenye sarafu au rula pembeni. Piga video ukizunguka gari lote, anza na namba ya chesisi, onyesha na odomita. Fanya hivi kabla gari halijatoka getini. Halafu ile fomu ya makabidhiano usisaini tu, andika kwa mkono wako kasoro moja moja na uandike kwamba umepokea gari ukiwa na pingamizi hizo, naye asaini. Hapo ndo utasikia:

"Bosi, hizi ni kawaida, magari yote yanakuja hivi."

"Sawa kaka, sina ugomvi. Basi niandikie hapahapa kwamba kampuni inasema ni kawaida, uweke na jina lako."

Mara nyingi kalamu inakuwa nzito ghafla, na mazungumzo yanaanza upya kwa heshima. Usipige kelele, usitukane, kijana wa mauzo hajapiga rangi hilo gari na ndo huyohuyo atakayekupigania ndani.

Wakati huohuo ni lazima uwe mkweli na nafsi yako, sio kila kitu ni dai. Ile hali ya rangi kuwa na mawimbi madogo kama ganda la chungwa karibu kila brandi inaihesabu kuwa ndani ya viwango, hata magari ya bei mbaya yanayo, utapoteza nguvu zako bure. Bampa kutofautiana kidogo na fenda nayo watakukatalia mara nyingi, kwa sababu plastiki inapigwa rangi kivyake na kuchomwa kwa joto la chini, na chembe za metaliki zinalala tofauti, kwahiyo ukitazama kwa pembe fulani zinaachana. Tofauti ikionekana mita tatu mbali kivulini na juani, dai. Ikionekana saa kumi na moja jioni tu ukiwa umechuchumaa, achana nayo uendeshe gari lako. Mimi nguvu zangu zote ningeziweka kwenye vitu vitano: klia iliyokosekana au kavu, silanti iliyopasuka, vitundu na vishimo kwenye sehemu ya wazi, mchuruziko mkubwa, na paneli iliyorudiwa bila kuambiwa.

Soma kijitabu cha waranti. Brandi nyingi zinatenganisha waranti ya rangi na ile ya kutu inayotoboa bodi, na masharti yake hayafanani. Kama gari umeliagiza mwenyewe Japani au Uingereza bila kupitia wakala wa hapa, waranti nyingi zinabaki kwenye soko lilikouzwa, kwahiyo ukaguzi wako ufanyike kule kabla halijapanda meli, mlipe mtu akakague na geji. Ukinunua hapa nchini na muuzaji akakuzungusha, kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa, ila angalia, kasoro uliyokuwa na nafasi ya kuikagua ukainyamazia inakupunguzia nguvu, ndo maana nimekazania karatasi. Tume ya Ushindani, FCC, nayo inapokea malalamiko ya walaji chini ya sheria ya mwaka 2003. Peleka barua yenye picha na tarehe, sio maneno.

Hatua ya tano, kujadiliana. Dila atakuja na jibu lake la haraka ambalo ni kurudia rangi paneli. Hapa naomba msikilize vizuri: kwa kasoro ndogo usikubali. Afadhali uombe fidia ya pesa, au wakulipie plastiki ya kulinda rangi, au gharama za polishi kwa mtu utakayemchagua wewe. Punje mbili kwenye mlango wa kiwandani ni bora mara mia kuliko mlango uliorudiwa, siku ya kuuza mnunuzi akija na geji akakuta 260 ataamini gari limegongwa na hutamwambia kitu akakuelewa. Kama ni rangi ya tabaka tatu, kwa mfano ile Soul Red Crystal ya Mazda ambayo ina tabaka la chembe za kuakisi, juu yake tabaka jekundu linalopitisha mwanga, halafu klia, kuifananisha ni mtihani hata kwa fundi mzuri, tabaka la kati likizidi kidogo tu paneli inaonekana nyeusi zaidi ya jirani yake.

Kama kasoro ni kubwa na hakuna namna, kubali kurudia lakini kwa masharti yaliyoandikwa. Boneti, fenda, bampa na mlango angalau ni vitu vinavyofunguka, vinapigwa vikiwa vimetolewa. Paa na ubavu wa nyuma vimeungana na bodi, hapo ningedai gari lingine kwanza. Sharti la kwanza ni chumba cha rangi chenye chujio za hewa, sio uwanja wa gereji. Fundi wetu wengi wana mikono mizuri sana, wengine wanakushinda kwa jicho tu wanajua rangi imepungukiwa nini, lakini Dodoma kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo unapiga na vumbi jekundu linaingia hata kwenye friji, ukipiga klia nje utatoa punje mbili upate mia. Kama chumba hicho hakipo karibu, gari lirudi Dar kwa gharama yao. Sharti la pili, rangi ichanganywe kwa namba ya rangi iliyo kwenye stika ya gari, ipigwe kwanza kwenye kadi ya majaribio na kulinganishwa na gari nje kwenye mwanga wa jua, na ikibidi ivutwe kidogo kwenye paneli ya jirani ili jicho lisikamate mpaka. Sharti la tatu, vitasa, raba na taa vitolewe, visizungushiwe gazeti na tepu. Mstari wa tepu pembeni ya raba ndo pale klia inapoanza kubanduka.

Hatua ya sita, ukiamua kurekebisha mwenyewe au kwa fundi wa polishi. Kwa ukungu na mikwaruzo myepesi huhitaji msasa kabisa. Tumia mashine ya DA, ile inayotikisika huku inazunguka, na sponji laini na polishi ya kumalizia, jaribu eneo la sentimita 50 kwa 50 tu. Futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yatoke uone ukweli. Imetosha? Ishia hapo, endelea paneli nzima. Haijatosha? Panda ngazi moja, sponji ngumu kidogo au polishi yenye makali kidogo, usiruke moja kwa moja kwenye kompaundi nzito. Kingo zote na mistari ya bodi ziwekee tepu maana hapo rangi ni nyembamba zaidi. Fanya asubuhi mapema ndani au kivulini, boneti ikiwa ya moto polishi inakaukia juu na kukwaruza, na mwagia sakafu maji kwanza vumbi litulie. Ile mashine ya kuzunguka tupu yenye sufu ambayo utaikuta gereji nyingi, isikaribie gari lako kama mwenye nayo hujaona kazi yake kwenye rangi nyeusi juani.

Punje moja inayokera ndo inahitaji msasa, na inafanyika hivi. Kata kipande cha msasa wa maji namba 2500 kidogo kuliko kucha ya kidole gumba, kibandike kwenye kitu kigumu na bapa kama kifutio cha shule. Loweka dakika chache kwenye maji ya sabuni. Tia maji juu ya punje, sugua kwa kwenda na kurudi taratibu bila kukandamiza, uzito wa kifutio unatosha, kila baada ya mara tano sita futa uangalie. Utaona juu ya punje panakuwa na kidoti cha ukungu huku pembeni bado panang'aa, maana msasa unagusa kile kilima tu. Kidoti kinapanuka polepole. Kikishafikia usawa wa pembeni simama hapohapo, hata kama ndani bado unaona kachembe kenyewe. Kama uchafu uko kwenye rangi chini ya klia hautoki kwa msasa, ukiendelea kuufuata utatoboa. Maji ya msasa yakiwa meupe kama maziwa ni klia, yakianza kuwa na rangi ya gari umeshafika kusikotakiwa. Pitisha namba 3000, kisha kompaundi kidogo, kisha polishi ya kumalizia. Michuruziko mikubwa usijaribu, pale kwenye mchirizi rangi ni nene lakini pembeni yake ni ya kawaida, na mkono usio na mazoea unakula pembeni kwanza. Vitundu vya sindano na vishimo navyo usivisugue, vinaenda chini, unapunguza klia yote bila kufika mwisho wake. Na wale wanaotaka kusawazisha ganda la chungwa gari zima mpaka liwe kioo, kwa gari linalolala nje Nkuhungu au Ilazo na kushinda parking ya Mtumba juani, siwashauri. Gari la maonyesho, sawa.

Hatua ya saba, kulinda. Rangi ya kiwandani imeshaiva, unaweza kuweka waksi au seramiki (dawa ya kupaka inayoganda juu ya klia kuilinda) siku hiyohiyo. Paneli iliyorudiwa gereji subiri, muulize aliyepiga na karatasi ya ile klia inasemaje, mara nyingi ni mwezi mpaka miezi mitatu kabla ya kuifunika, na plastiki ya kulinda rangi usiibandike mapema hapo maana siku ya kuitoa inaweza kung'oka na rangi. Seramiki haifichi kasoro, inaifungia ndani, kwahiyo marekebisho kwanza. Na usiweke chochote kabla dai lako halijaisha, dila atasema dawa yako ndo iliyoharibu.

Halafu maji yetu. Maji ya visima Dodoma yana chumvi, ukiacha yakaukie juani juu ya boneti nyeusi unapata madoa meupe ya duara ambayo yakikaa wiki kadhaa yanakula klia. Yakiwa mapya futa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, suuza vizuri. Dawa yake kubwa ni kukausha papohapo kwa taulo kubwa, na usioshe saa sita mchana. Kawoshi nenda na glovu yako ya kuoshea na shampuu yako, mwambie dogo kwa upole, "Mdogo wangu, bodi tumia hii, ringi tumia ya kwako, sabuni ya unga usiweke," muongeze na chochote, ataifanya kwa moyo.

Kwa aliyerudia paneli, weka kwenye kalenda ukaguzi mwingine baada ya kama miezi miwili na mwingine kabla waranti ya kazi hiyo haijaisha. Rangi mpya inapokauka na kusinyaa inaanza kuonyesha alama za msasa zilizokuwa chini, na tofauti ya rangi inajitokeza zaidi ikishapigwa na jua. Pima tena sehemu zilezile tano, piga picha pembe zilezile, na ukiona kingo zimeanza kunyanyuka kwa ukucha rudisha gari na zile karatasi za mwanzo mkononi.